Pombe Isilale Ndani ya Pampu

Kwanza aliinusa. Ukimletea pampu ya mkono uliyoinunua mnadani, umeifunga kwenye gunia na kuibeba kwa fahari, hakukuuliza bei wala umeitoa wapi. Aliishika, akaligeuza tumbo lake juani, akaingiza pua kwenye mdomo wa bomba na kufumba macho. Kisha alipitisha kidole ndani na kukiramba. Watu wazima na heshima zao walisimama pale uani wakisubiri kama wanaosubiri majibu ya daktari. Akitema mate, pampu haifai. Akinyamaza, ujue umepona.

Tulimwita Fundi. Jina alikuwa nalo, la ubatizo na la ukoo, lakini wajukuu zake wapo hai na wananisalimia kila siku barabarani, kwa hiyo nitaliacha hapo lilipo. Kwa Nyakakika nzima, ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu hawakufikiria fundi wa nyumba wala wa cherehani. Walimfikiria mzee mrefu mwenye koti la kijani lenye mfuko mmoja mzima, na ndani ya mfuko huo washa za ngozi za kuzibia pampu.

Mimi ni mtu wa Muleba niliyeolewa huku, na nilikuwa na kilabu cha pombe pale njia panda. Najua wenyeji wanavyosema kuhusu watu wa kwetu, kwamba tukianza kusimulia hatuna breki. Waseme. Miaka niliyouza rubisi ya Fundi ni mingi, na katika miaka hiyo nilimwona akikosea pampu mara moja tu. Kosa hilo lilimfukuza mtu mwingine nyumbani kwake. Mtu huyo ni Pelagia, mke wa mwanawe. Nitafika huko, ila siwezi kumweleza Fundi nikamwacha Pelagia nje, maana ameachwa nje vya kutosha.

Kwa asiyejua kazi yetu: ndizi za pombe huivishwa, zikamenywa, zikakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti mpaka zitoe maji. Maji hayo huchanganywa na mtama uliokaangwa, yakafunikwa kwa majani ya mgomba, yakaachwa yachemke yenyewe. Hiyo ndiyo rubisi. Zamani tuliiteka kwa vibuyu, na kila kibuyu kilipozama kilitibua masimbi, yale makapi yaliyotulia chini, ukanywa huku unatema nyasi. Baada ya vita, mapipa na pampu za mafuta zilitapakaa huku mpakani. Watu waliokuwa wanakamua pombe nyingi wakaona kwamba pampu inafyonza ile safi ya juu na kuipeleka pipani bila kutibua chochote. Basi kila mmoja akataka pampu. Hapo ndipo pua ya Fundi ilipopata kazi.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Bukoba, mwenye duka na pikapu, aliyeleta pampu imepakwa rangi mpya inang'aa. Fundi aliinusa, akamrudishia. Akamwambia inanuka mafuta, aipeleke kwenye taa. Mwenzetu hakukubali. Akaenda kuichemsha na majivu, akailoweka kwenye utomvu wa mgomba, akaileta tena. Fundi akatema mate tena. Yule bwana akasema huyu mzee ana wivu tu, akaitumia. Pombe ile ililetwa kilabuni kwangu na nikaipokea, kwa sababu wateja walikuwa wengi na mapipa matupu. Jioni hiyo walevi walikatazana kuwasha sigara wakisema kilabu kitalipuka. Walicheka mpaka wakalala kwenye mabenchi, lakini juma lililofuata hakuna aliyetaka kuja.

Kijana mwingine alileta bomba la kupulizia dawa ya kahawa. Alikuwa ameliosha, nakubali, ila ukiangalia ndani uliona rangi ya buluu ya mrututu imeng'ang'ania kwenye viungo. Safari hii Fundi hakunusa wala hakutema. Aliingia ndani akatoka na msumari na nyundo, akalitoboa tumboni mbele ya mwenyewe. Kijana alikwenda kushtaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Fundi akaitwa, akakiri, akalibeba bomba mgongoni kulirudisha kwake, akaliziba kwa risasi bila malipo na kulirudisha shambani kwenye mibuni. Alisema bomba la dawa halina kosa likiwa shambani, na kwamba ile buluu na ile kutu ya kijani ya kwenye shaba ni ndugu wa tumbo moja. Wakati huo maneno yale hayakunigusa. Nilikuwa namcheka alivyolibeba mgongoni kama mtoto.

Pampu yake mwenyewe ilikuwa ya shaba ya manjano, ya kuzungusha kwa mpini, na hakuna aliyejua aliipata kwa nani. Ukimuuliza alikohoa. Angeweza kuchagua ya chuma kama wengine, lakini alisema chuma hupata kutu, na pombe yenye kutu huwa nyeusi na kukausha ulimi. Shaba, alisema, ni kama ng'ombe mkali mwenye maziwa mengi. Unamkamua, kisha unamfunga. Hakuna kumkamua na kumwacha akizurura.

Kuifunga, kwake, kulikuwa na taratibu zake. Kazi ikiisha, hata kama wageni wanamwita, aliifungua pampu pale pale, akapanga vipande vyake juu ya jani la mgomba kwa mpangilio ule ule, akavimwagia maji ya moto, akavisugua kwa majivu, akavisuuza, akaviacha juani. Washa alikata mwenyewe kutoka ngozi ya shingo ya ng'ombe, akaziloweka kwenye samli isiyo na chumvi. Waliomshauri grisi aliwaambia grisi ni ya gari na gari halinywi pombe. Na samli nayo aliichemsha itoke kabla haijachacha. Pampu haikuunganishwa tena mpaka siku ya kazi nyingine. Sheria yake kubwa aliwaambia wote waliokuja, na wengi waliirudia kama watoto wa katekisimu: pombe isilale ndani ya pampu. Rubisi ina uchachu, na uchachu ukikaa na shaba usiku kucha huzaa ile kutu ya kijani. Anayekunywa kibuyu cha kwanza asubuhi yake atajua amekunywa nini.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa taratibu katika kila kitu. Paa la nyumba yake lilivuja miaka yote. Alikuwa anasogeza kitanda. Baiskeli yake ilikosa breki, akawa anazuia kwa kisigino cha kandambili. Alimcheka padri waziwazi, na Jumapili alikuwa wa kwanza kufika kanisani. Alikuwa mkali wa maneno kwa wenye vyeo na mpole mno kwa mbuzi wake. Nilimpenda, nikiri. Ukikaa na watu wanaosema ndiyo kwa kila kitu, mtu anayetema mate mbele yako anakupumzisha.

Na alimpenda Pelagia. Hilo ndilo linalonifanya nishindwe kulala vizuri nikimfikiria. Wazazi wa Pelagia walikuja kutoka Burundi kulima vibarua kwenye mibuni ya watu, na Deus, mtoto wa Fundi, alipomleta nyumbani, wazee wa ukoo walinung'unika kwamba ni mtu wa kuja. Fundi aliwanyamazisha. Alisema anatafuta mtu mwenye mikono, wa ukoo anao tele. Huyo binti ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa kugusa vipande vya ile pampu. Walichuchumaa pamoja uani, yeye akifungua, Pelagia akiosha, na mara nyingi nilipopita niliwakuta hawasemi neno na wote wawili wameridhika. Pelagia alimwita "tata", baba, kama alivyomwita baba yake mzazi.

Kisha Pelagia akaokoka. Wahubiri wa uamsho walipita vijijini kwetu, na yeye akasimama mbele ya watu akasema kuanzia leo hanywi pombe, haionji, hata tone. Tulimtania sana. Mlokole katika boma la mkamua pombe! Fundi naye alimtania, akamuuliza kama mikono nayo imeokoka au inaweza kuendelea kuosha pampu. Pelagia akasema mikono ni ya kazi, mdomo ndio wa Bwana. Wakacheka wote, na kazi ikaendelea kama zamani.

Kutania ni kutania, lakini kwetu kuonja ni jambo kubwa. Anayekupa pombe huionja kwanza mbele ya macho yako, ndipo akukabidhi kibuyu. Huku watu wanaogopa sumu. Mtu akiumwa tumbo swali la kwanza ni amekula kwa nani. Ukinipa bila kuonja, umenitukana, au mbaya zaidi. Nyumbani kwa Fundi aliyeonja siku zote ni Fundi mwenyewe, kwa hiyo wokovu wa mkamwana wake haukuwa na taabu.

Taabu ilikuja siku ya kuposwa kwa Adela, binti yake wa mwisho. Wakwe walikuwa wanatoka Bweranyange, watu wazito, na Fundi alikamua pombe ambayo sijawahi kuiona tena. Juma zima alihamisha kutoka mtumbwini kwenda mapipani. Siku moja kabla ya shughuli, pampu ikiwa bado imesimama ndani ya pipa la mwisho, wazee wa ukoo walifika mapema na kumwita kwenye kikao cha kupanga maneno ya kuwapokea wageni. Kikao kilichukua jioni yote, kukazuka ubishi kuhusu nani atasimama kusema. Pelagia alikuwa jikoni na wanawake. Kila mmoja alidhani mwenzake ameifungua pampu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, pombe ikalala ndani yake.

Kesho yake wageni wakakaa. Baba wa binti hagawi pombe siku hiyo, anakaa na wazee wenzake na heshima yake. Mkamwana ndiye huchota. Pelagia akazungusha mpini, akajaza kibuyu cha kwanza kabisa, kile kidogo chenye shingo ndefu, akapiga magoti mbele ya baba wa kijana. Akakigusisha kibuyu mdomoni bila kunywa. Mzee yule akaona. Wote tuliokuwa karibu tukaona. Ilikuwa heshima ya siku ile isiyoruhusu maneno, naye akakipokea na kukimaliza, kwa sababu kibuyu cha kwanza cha wakwe hakibakizwi.

Kabla ya chakula alikuwa ameshika tumbo. Alitapika kitu cha kijani, akatapika tena, akaishiwa nguvu. Wanaume walimlaza kwenye machela wakambeba mpaka barabarani kutafuta gari la kumfikisha hospitali. Alipona, namshukuru Mungu, ingawa alirudi amekonda. Sisi wengine tulikunywa pombe ya pipa lile lile siku ile, mimi nikiwemo, na hakuna aliyeumwa hata kichwa. Hapo ndipo lilipokuwa janga la Pelagia. Kama pombe ingekuwa mbaya, tungeumwa wote. Kilichotapisha ni kibuyu kimoja tu, kilichopita katika mikono ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuonja.

Ukoo ukakaa. Nilikuwepo, tumekaa wanawake upande wa mlango. Pelagia aliulizwa kwa nini hakunywa, akasema ameokoka na kila mtu anajua. Akaulizwa kwa nini basi alikubali kuchota. Akasema aliambiwa. Mzee mmoja akasema watu wa kuja huja na mambo yao. Kisha wakamgeukia Fundi. Wakamwambia wewe ndiye mwenye pombe, wewe ndiye unayejua vyombo, utuambie kama kulikuwa na kasoro.

Nilimtazama kwa sababu nilikuwa na hakika atamtetea, kama alivyomtetea siku anaolewa.

"Pombe yangu haina neno," akasema.

Hakuongeza. Na ni kweli, pombe haikuwa na neno. Pelagia aliinua uso akamwangalia, kisha akauinamisha. Deus alikuwa mtu wa kufuata baba yake, naye akafuata. Pelagia akapelekwa kwa kaka yake, kijiji cha Kimuli. Watoto, kwa desturi, wakabaki kwenye ukoo wao. Mkubwa, Projest, alikuwa bado hajaanza shule. Adela akaolewa Bweranyange mvua zilipokwisha, baada ya wakwe kuambiwa kwamba mwenye makosa ameshaondolewa.

Baada ya hapo Fundi alibadilika, na sisi kwa ujinga wetu tukadhani ni uzee. Pampu ya shaba hatukuiona tena. Alirudi kwenye vibuyu, na ukimuuliza alisema mikono inauma. Lakini pampu za wengine aliendelea kuzitengeneza, na sheria yake akaihubiri kwa ukali mpya. Alikuwa anatembelea watu bila kuitwa, jua likizama, kuhakikisha wamefungua pampu zao. Kijana mmoja aliyelala bila kuifungua alimwagiwa pipa zima chini, na Fundi akamfidia kwa pombe yake mwenyewe. Watu wakamsifu. Wakasema huyu mzee anatupenda, anatulinda. Nami nilimsifu.

Wale watoto alilala nao chumba kimoja. Alimfundisha Projest kukata washa. Jambo moja hakuwafundisha, na wengine waliwafundisha badala yake: kwamba mama yao ni mtu asiyepokelewa chakula.

Miaka ikaenda. Madumu ya plastiki na mipira ya plastiki ya kufyonzea vikaingia, wakimbizi wakajaa huku kwetu na barabara zikachanika kwa malori, na pampu za mkono zikageuka vyuma chakavu. Deus alioa tena. Macho ya Fundi yakaingia ukungu. Asubuhi moja alikuja kilabuni kwangu akiongozwa na fimbo, na kifuani amekumbatia gunia.

Akaniuliza kama naweza kumpeleka Kimuli. Nikamuuliza Kimuli kwa nani. Akafungua gunia, nikaiona ile pampu. Ndani ilikuwa ya kijani kibichi, haijaguswa tangu siku ile.

"Niliifungua wakati mnambeba yule mkwe," akasema. "Niliona. Nikaifunga tena."

Nilikaa chini kwenye benchi la wateja. Akanieleza yote bila kulia wala kupunguza. Alisema angesema ni yeye, wakwe wangeondoka na Adela asingeolewa tena na mtu yeyote, binti wa mtu aliyemlisha mkwe sumu. Akasema aliwaza kwamba Pelagia atakaa kwa kaka yake kidogo, maneno yatapoa, atamrudisha. Maneno hayakupoa. Kila mwaka uliopita ulifanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi kusema. Nilimkasirikia sana. Siku nyingine bado namkasirikia, na wakati huo huo natamani niisikie kandambili yake ikikwaruza barabarani. Nilimwambia neno baya ambalo sitaliandika. Akalipokea. Kisha nikafunga kilabu tukaenda kusubiri gari.

Pelagia alikuwa na kibanda chake nyuma ya nyumba ya kaka yake, na shamba dogo la maharage alilopewa. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe pembeni. Alipoona ni nani anashuka, alisimama na jembe mkononi, kisha akaliweka chini, akapiga magoti.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba," Fundi akasema.

Alituketisha. Fundi akaitoa pampu, akaiweka chini kati yao, akaanza kuifungua kwa kupapasa, kipande baada ya kipande, kama zamani. Mkono wa Pelagia ukasogea kidogo, kwa mazoea nadhani, kisha ukarudi kwenye paja. Vipande vilipokuwa vimepangwa, Fundi akasema. Alisema kwa maneno machache. Kwamba ilikuwa imelala na pombe. Kwamba alijua siku ile ile. Kwamba amekuja kumwambia kuwa hakuwa na kosa.

Pelagia aliokota kipande kimoja, akautazama ule ukijani, akakirudisha mahali pake.

"Mimi nilijua sina kosa, tata," akasema. "Sikuwa na haja ya kuambiwa."

Fundi akapapasa mpini, akaunyoosha.

"Projest alipita hapa mwaka jana, anafuata maharage ya kununua. Nilimtambua kwa mwendo. Alisimama pale mlangoni akanisalimia vizuri tu. Nikampa maji. Akasema ameshiba. Mtu hashibi maji, tata. Wao umewaambia?"

Fundi alitikisa kichwa. Alisema alitaka aanze na yeye.

"Basi umeanzia pabaya," Pelagia akasema. Hakupandisha sauti. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha juisi ya ndizi, ile mbichi isiyochacha ambayo hata mlokole hunywa. Akapiga magoti mbele ya mzee. Akanywa yeye kwanza, fundo kubwa, akameza huku akimtazama, ingawa sidhani kama yale macho yaliona. Sauti ya kumeza aliisikia. Nilimsaidia Fundi kushika kikombe, na alikimaliza chote.

Wakati wa kuondoka alitaka kuiacha ile pampu. Pelagia akakusanya vipande, akaviunganisha mwenyewe kwa mikono iliyokuwa bado inakumbuka, akaiweka mapajani mwa mzee. Gunia akabaki nalo.

"Kawaonyeshe," akamwambia.

Njiani, kwenye pikapu, watu walimuuliza mzee unapeleka wapi hilo chuma, unaliuza? Aliikumbatia tu kifuani. Nami sikumsaidia kujibu. Nilikuwa nikihesabu moyoni sababu ambazo mtu wa umri wake anaweza kuzipata za kusubiri mpaka kesho, na kesho yake tena. Nilikuwa na hakika atazipata. Tulipofika Projest alikuja kumshusha, kijana mrefu kama babu yake, akataka kumpokea mzigo. Fundi hakumwachia.

"Waite wenzako," akasema. "Mwite na baba yako. Mkae."

Mimi nikaenda zangu nyumbani. Hayakuwa mambo ya kusikilizwa na jirani, na nimeshasema watu wanatuonaje sisi wa Muleba.

Sikulala vizuri. Alfajiri nilifungua kilabu ili nipike chai ya wasafiri, na nikamkuta Projest amesimama njia panda peke yake anasubiri gari la Kimuli. Macho yalikuwa mekundu, na vumbi la ule ukijani lilikuwa kwenye vidole vyake. Kulikuwa na baridi, na gari huchelewa siku hizi, kwa hiyo nilimwambia aingie anywe chai, ipo tayari, ya maziwa.

Akanishukuru. Akasema atakunywa huko.